Kiboksi Changu Kiliitikia Hodi

Jina langu nifichieni. Kosa ni langu, sina wa kumsukumia, na mpaka leo sijalia. Watu wananisifu nimejikaza. Sijajikaza jamani, nimekufa ganzi tu.

Nauza kava na chaja za simu Kariakoo, lakini raha yangu ni kuunda vitu. Redio mbovu, spika zilizotupwa, vipande vya waya, vyote nabeba nyumbani Ilala. Nimeshatengeneza feni kwa mota ya deki mbovu ya video, na taa inayowaka ukipiga makofi. Hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwa kuungua vidole.

Naishi na mama yangu. Alikaanga samaki soko la Feri mpaka magoti yakakataa. Sasa pale kwetu wachuuzi hawakomi, hodi, hodi, huyu ana vijora, yule ana ndoo, na kila mara Mama ainuke kwa kushika ukuta. Nikamwonea huruma. Nikaunda kiboksi nikakificha juu ya mlango, kina maiki, spika na memori kadi. Ukipiga hodi, kinakujibu kwa sauti ya Mama niliyoirekodi: "Nipo naswali, mwanangu. Pita baadaye kidogo."

Kilifanya kazi, weee! Nikachukua video, nikairusha kwenye kundi letu la watu tunaopenda kuchezea umeme. Wakanimwagia sifa, kichwa kikavimba.

Mama mwenyewe hakukipenda. "Hiki kidude chako hakina adabu," aliniambia. "Mtu kapiga hodi, unamdanganya niko kwenye swala? Kitoe bwana."

"Nitakitoa Jumapili, Mama."

Jumapili zikapita. Yeye akawa anachomoa waya kila akiamka, ndiyo maana Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta mmoja, hakuwahi hata kujua kama kipo.

Siku moja Mama aliamka kichwa kinamuuma, akarudi kulala. Nikachomeka kiboksi ili asisumbuliwe, nikaenda zangu dukani.

Saa nne asubuhi nikampigia, hapokei. Nikampigia Mama Zuhura.

"Shikamoo, Mama Zuhura. Hebu mchungulie Mama, hapokei simu."

"Marahaba, baba. Mbona natoka hapo sasa hivi? Nimempelekea uji, kanijibu anaswali. Ngoja amalize, naelekea sokoni, nitampitia jioni."

Nilijua! Hajamaliza hata kusema, nishajua aliyemjibu ni nani. Saa nne, swala gani? Nikajidanganya labda Dhuha, ile sunna ya asubuhi. Kulikuwa na mteja mbele yangu, na niliona aibu kumwambia mama wa watu kwamba alikuwa anaongea na spika. Nikasema, "Haya, asante mama," nikakata simu. Aibu! Aibu ya kijinga namna ile!

Nilimkuta alasiri, yuko sakafuni karibu na mlango, upande mmoja wa mwili hauna habari. Na hapa ndipo ninapojichukia. Kabla sijapiga kelele watu waje, nilinyoosha mkono kwanza, nikaking'oa kiboksi, nikakitia mfukoni.

Hospitali wakasema ni kiharusi. Wakauliza mbona amecheleweshwa hivi. Nikakibana kiboksi mfukoni.

Mama yupo hai. Hatembei, haongei. Mama Zuhura ndiye anayemwogesha, na kila mgeni akija anamsimulia: "Nilimsikia kwa masikio yangu haya, kanijibu vizuri tu, kumbe ndiyo mara ya mwisho. Ningeingia mimi, ningeingia tu!" Anajilaumu, analia. Mie nimekaa pembeni ya kitanda, natazama kucha zangu.

Juzi tulibaki wawili. Siku hizi Mama akitaka kusema ndiyo, anafumba macho. Nikamuuliza, "Mama, siku ile pale chini, ulimsikia Mama Zuhura akipiga hodi?"

Akafumba.

"Na kiboksi, ulikisikia?"

Akafumba tena. Safari hii hakuyafumbua upesi.

Kwa hiyo alikuwa macho! Alilala pale sakafuni, hawezi kuita, akaisikia sauti yake mwenyewe ikimrudisha mtu aliyekuja na uji. Nimelijua hilo na bado sikulia. Nilienda nikamkorogea dawa.

Nimeanza kusema kwenu kwa sababu kwa Mama Zuhura mdomo haufunguki. Lakini lazima nimwambie, hawezi kuendelea kubeba mzigo wangu.

Na nyie wenzangu mnaopenda kuunda vitu, undeni. Undeni taa, feni, kengele, chochote. Lakini hodi ya mtu iitikiwe na mtu. Kama hakuna wa kuitika, pawe kimya, msikizibe kile kimya. Mama Zuhura angepiga hodi asijibiwe, angeingia. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu.