Hafifu

Nimehamahama sana tangu nilipoondoka Ngara, na kila mji una neno lake la kukidharau kitu kisichofikia kiwango. Mimi hubaki na "hafifu", kwa sababu neno hilo nusura linikoseshe mke.

Enzi za Mwingereza, kwetu karibu na Rulenge, lililetwa na mnunuzi wa ngozi kutoka Biharamulo, mtu mwenye asili ya pwani na kanzu isiyopata doa. Siku ya soko aliiinua ngozi ya ng'ombe kwenye mwanga, akapitisha kidole penye alama za kisu, akasema, "Hafifu." Bei ikaanguka hapo hapo. Maneno yetu ya Kihangaza yalitaka maelezo: kitu ni kibaya kwa nini, kimeoza au kimevunjika? Hafifu haikueleza chochote, na hakuna aliyejua namna ya kuijibu.

Aliyeumia zaidi ni mzee mmoja jirani yetu, ambaye nilikuwa nikimtaka binti yake. Ngozi zake aliziwamba kivulini kama bwana mifugo alivyofundisha, lakini sokoni akaambiwa hafifu. Akalibeba neno hadi nyumbani. Uji ukiwa mwepesi, hafifu. Mvua ikikatika mapema, hafifu. Padri alipohubiri akiwa na mafua, mzee alitoka kanisani akitikisa kichwa, na sote tulijua atasema nini. Nami, niliyesoma hadi sekondari kisha nikakosa kutulia, nilikuwa hafifu kuliko uji wote.

Kwetu mtu hajiposei. Hutuma msemaji. Nikamchagua yule mnunuzi wa ngozi. Mtu anayeweza kumshawishi mwenye ngozi nzuri kwamba ni mbaya, niliwaza, atashindwaje kumshawishi mwenye binti kwamba mimi ni mzuri?

Tulifika asubuhi, mimi, yeye, na shangazi yangu aliyebeba mtungi wa rwagwa, pombe yetu ya ndizi. Mzee alipomwona msemaji wangu, uso ulimng'aa kuliko nilivyotarajia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Simama kwenye mwanga."

Nikasimama.

"Bwana wa ngozi, umeniletea nini?"

"Kijana wa daraja la kwanza, mzee wangu."

Mzee akaniinua mkono, akanizungusha, akanibonyeza bega. "Huyu hakukaa kwenye kiwambo akakauka. Kaenda Uganda, karudi. Kaenda migodini, karudi. Ana matundu. Hafifu."

Shangazi akaficha kicheko kwenye kanga yake.

"Hapana, mzee. Huyu ni safi kabisa."

"Ngozi safi wewe uliiona wapi? Miaka yote hii hujaiona hata moja mikononi mwangu. Utaijuaje?"

Mnunuzi akainua kikombe chake. Akikubali kwamba amewahi kuona ngozi safi hapa, bei zote za nyuma zitamgeukia. Akikataa, posa yangu imekwisha. Nikamtazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga. Kwa kuwa hanywi pombe alikuwa amepewa maziwa, naye aliyanywa taratibu mno, kama mtu anayeomba yasiishe.

"Ile ya mwezi jana," akasema hatimaye, "ilikuwa nzuri."

"Sisikii."

"Ilikuwa nzuri, mzee wangu. Na iliyoitangulia."

Mzee akaruka hadi mlangoni. "Mama watoto! Acha hiyo sufuria, njoo usikie. Rudia, bwana."

Akarudia. Mama alipokwisha kusikia, mzee akamwita jirani aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua, na mnunuzi akarudia tena, jasho likimtiririka chini ya kofia. Jirani naye akauliza, "Na zangu je?" Msemaji wangu akaanza kutafuta viatu vyake.

"Na kijana wetu, mzee?" shangazi akauliza, maana mimi nilikuwa nimesahauliwa palepale kwenye mwanga.

Mzee akanitazama, bado akicheka.

"Yeye ni hafifu tu," akasema. "Lakini hafifu zangu zote huyu bwana alizichukua, hakuniachia hata moja. Mimi nimrudishe kijana huyu kwa sababu gani?"

Akauinamia mtungi na kuvuta mrija. Kwetu, baba akishaionja pombe ya posa, hawezi tena kurudi nyuma.