Mchezo wa Kabla ya Kafyu

Sheria aliileta mwenzangu, lakini mimi ndiye niliyeishikilia kama dini. Mchezo unaanza Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na giza likiingia unaachia kibodi, uwe umemaliza au hujamaliza. Kilichobaki nusu kinabaki nusu. Hakuna cha ati nitarudi kesho nikipake rangi. Mwenzangu huyo alikuwa kijana wa Kihindi niliyesoma naye kozi ya kompyuta mjini Nakuru, baba yake ana duka la vipuri vya magari. Alikuwa amesoma kwa mtandao kwamba kuna watu ng'ambo wanaotengeneza michezo midogo ya video wakikimbizana na saa, ili wasipate nafasi ya kuliogopa wazo lao. Nilimwambia hao ni watu wasio na nguo za kufua. Jumamosi iliyofuata nikajaribu.

Basi mwaka wa 2007 ukaisha nikitengeneza michezo ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Kulikuwa na wa nzi wa bucha, kazi yake kutua kwenye nyama mwenye bucha akigeuka. Kulikuwa na wa kupita kando ya dampo: unashikilia kitufe kimoja, ndiyo kuziba pua, ukikiachia umevuta hewa na umekwisha. Mingi ilikuwa mibaya. Nilimpelekea yangu kwa flashi, naye akaniletea yake, tukachambuana bila huruma, kisha tukanywa soda.

Kompyuta yenyewe ilikaa sebuleni kwa mama, mtaa wa Free Area, juu ya meza ya kulia chakula, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Nyumba ile baba aliijenga alipostaafu kazi ya reli, na baada ya kifo chake tukabaki wawili. Asili yetu ni magharibi mwa Kenya. Majirani wetu wengi hawakuwa wa huko, na kwa miaka yote niliyokua pale hilo lilikuwa jambo la kutaniana juu ya samaki wetu na irio yao ya viazi na mahindi, basi.

Mchezo wa maji niliutengeneza Desemba. Mifereji ya mtaa wetu ilikuwa na zamu ambayo hakuna aliyeielewa, leo kwako kesho kwa jirani, kesho kutwa hakuna. Nikauchora mtaa kama mwewe anavyouona, kila ploti mahali pake, kila lango na rangi yake. Wewe mchezaji ni mtu wa mkokoteni unayepeleka mitungi ya maji. Nyumba iliyokauka ni nyekundu, ukiifikia inakuwa buluu, na giza likiingia kukiwa na nyekundu hata moja, umeshindwa. Nilitaka uwe wa kweli, kwa hivyo wiki nzima kabla ya Jumamosi ile nilizunguka nikiuliza watu: kwenu maji hutoka siku gani? Asubuhi nani huwa nyumbani? Mkitoka mnarudi saa ngapi? Walinijibu wakicheka. Hakuna aliyeniuliza majibu hayo ni ya nini.

Kisha tukapiga kura, matokeo yakazozaniwa, makabila yakageukiana, na yaliyofuata kila mtu anayajua.

Asiyekuwa Nakuru Januari ile anadhani shuku ilikuja na panga. Wapi! Ilikuja na vitu vidogo. Mama mboga aliyekuwa akiniongezea nyanya moja akaacha kuniongezea. Watu wakaanza kupokea simu nje, karibu na choo. Salamu ikawa "sasa" peke yake, kwa sababu hakuna aliyetaka lugha ya mama yake isikike barabarani. Mtu akinunua panga, hata ya kufyeka ua, mtaa mzima ulikuwa na habari kabla hajafika kwake. Na msinione malaika, mimi pia nilishuku. Nilimshuku muuza maziwa kwa sababu alibadilisha njia. Nilimshuku fundi viatu kwa sababu hakubadilisha. Upande wa pili wa mji moshi ulionekana mchana kutwa, na vijana wetu wakaweka kizuizi cha mawe mwanzo wa barabara ya mtaa. Kafyu ya serikali ilikuwa saa moja jioni: ikifika, hakuna kutoka nje.

Mama wa jirani, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alikuja kuchaji simu kwetu kwa kuwa stima yao ilikuwa imekatika. Mama akamwekea chai. Mimi nilikuwa kwa kompyuta nikiucheza ule mchezo wa maji, kwa kukosa pa kwenda. Akainama, akatazama, akauliza kama hapo si kwao.

Nilifurahi, mjinga mimi. Nikamwonyesha lango lao, nikamwonyesha hata mti wao wa mparachichi. Akauliza mbona ni nyekundu. Nikamjibu, macho yangu yakiwa kwenye mkokoteni, kwamba wao bado hawajafikiwa.

Aliweka kikombe chini kikiwa nusu. Alisema ameacha kitu jikoni. Simu yake ikabaki kwenye waya, na jioni aliyekuja kuichukua ni mumewe, aliyesimama nje akanyoosha mkono tu. Nilimwambia mama kuna jambo. Mama akasema napenda sana kuwaza mabaya ya watu.

Kesho yake mchana wakaja. Mbele alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwalimu mstaafu, mtu wa kofia na koti hata kukiwa na jua. Nyuma yake mume wa jirani, vijana wawili wa kizuizini, na yule mama mwenyewe akijificha mgongoni pao. Mama aliwapa viti. Mwenyekiti akasema kwa upole kuwa wamesikia nina ramani ya mtaa yenye nyumba zilizotiwa alama.

Nikaufungua mchezo. Nikaeleza mkokoteni, mitungi, buluu na nyekundu. Hakuna aliyenikatiza, na hilo ndilo lililonitisha. Mume wa jirani akasema kwamba michezo ni ya watoto. Kijana mmoja akataka kujua ninalipwa nini. Nikasema silipwi, nikaona jibu hilo limeharibu zaidi, maana ni nani anayezunguka nyumba za watu kwa wiki nzima kwa kitu kisicholipa? Mwenyekiti akaomba simu yangu. Nikampa. Sikuwa na la kuficha, na pia sikuwa nimekumbuka kwamba ndani mlikuwa na ujumbe wa mwenzangu baada ya kuujaribu mchezo. Mwenyekiti aliusoma kwa sauti, polepole, kama anasomea darasa imla:

"Nyumba nyekundu ni nyingi mno. Mtu mmoja hawezi kuzimaliza zote kabla ya giza."

Jameni. Niliwahi kuugua malaria kali nikiwa mdogo, lakini hata wakati huo sikuhisi baridi ya namna ile. Nilijua kila neno lilikuwa na maana gani na nilijua pia walichokisikia, na kama ningekuwa mimi kwenye kile kiti ningesikia hicho hicho. Mume wa jirani akasema tuondoke kabla ya asubuhi. Hakupandisha sauti. Kila mtu mle ndani alijua kuondoka ni nini: barabara ya Nairobi ilikuwa na vizuizi vya hawa na vya wale, na vitambulisho vyetu vilikuwa na majina yanayojisema yenyewe. Mama alikuwa ameshika ncha ya kile kitambaa cha kompyuta, anaikunja na kuikunjua.

Nikashikwa na hasira, na hasira yangu haina adabu. Niliwaambia wamenijua tangu nikivaa sare ya nasari. Niliwaambia mchezo mmoja naumaliza kwa mchana mmoja, na kama wangeniona nikifanya wangekuwa na aibu. Nilisema mengine ambayo mama alinikanya baadaye. Mwenyekiti akaningoja nimalize.

"Basi tengeneza," akasema. "Mmoja. Hapa, tukiona. Kafyu ikikaribia tutakuwa tumejua wewe ni mtu wa aina gani."

Wakakaa. Nikaketi kwa kompyuta na watu watano mgongoni, kichwani hamna kitu. Jumamosi za kawaida wazo lilinijia kwa kuosha vyombo. Siku ile kilichokuwemo ni kile kile kilichokuwemo wiki zote zile, yaani mlango wetu, usiku, na mimi nimelala nikisikiliza. Nikachora mlango. Mbao, komeo, mwanga kidogo chini. Nilikuwa na kinasa sauti cha bei rahisi, nikakiweka mezani na kugonga mbao kwa vidole mara tatu, kisha nikaicheza ile sauti kwenye spika.

Wote waligeuka kutazama mlango. Kijana mmoja alikuwa tayari amesimama na mkono ndani ya jaketi.

"Ni meza," nikasema. "Ni mimi."

Hakuna aliyecheka, lakini tangu hapo walisogeza viti karibu. Nikawaeleza huku nafanya. Mtu anabisha hodi. Mshale wa juu, unafungua. Mshale wa chini, au usipobonyeza kitu, unanyamaza. Ukinyamaza anabisha tena kwa nguvu zaidi, na ukinyamaza mpaka mwisho unasikia miguu ikienda zake, na maandishi yanakuja: Ameenda. Hiyo miguu niliirekodi kwa viatu vya marehemu baba, mama akivipigapiga kwenye saruji bila kuniuliza sababu.

Ukifungua je? Hapo ndipo nilipokwama. Niliiamuru kompyuta kwamba mlango ukifunguliwa ilete picha ya aliyebisha, kisha nikaanza kumchora. Nikachora mwanamume mwembamba. Mume wa jirani akanyoosha shingo, akauliza huyo ni nani. Nikafuta. Nikachora mama mwenye kilemba, nikamtazama, nikafuta. Ukimfanya mrefu ni wa fulani. Ukimfanya mweusi ni wa fulani. Mwezi ule hata pua ilikuwa na kabila, na yeyote ambaye ningemsimamisha pale nje, kuna mtu chumbani angeuliza kwa nini yeye. Nikachora, nikafuta, nikachora, nikafuta, na nje kivuli cha ua kikawa kimefika dirishani.

"Kalamu chini," mwenyekiti akasema.

Sauti ya mwalimu wa mtihani. Mikono yangu ikaachia kibodi yenyewe, ilikuwa imezoeshwa hivyo kila Jumamosi. Ndipo nikakumbuka kwamba ile amri nilikuwa bado sijaiondoa. Mtu akibonyeza kufungua, kompyuta itatafuta picha ambayo haipo, itatoa kidirisha cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza, na mchezo wote utajifunga. Nilishakiona mara nyingi. Ningekielezaje kwa watu hawa? Wangesema si mnaona, nyuma ya mlango kuna kitu amekificha. Na kuomba dakika moja ya kurekebisha, mbele ya watu waliokuja kwa sababu wanadhani naficha, sikuthubutu.

Mwenyekiti akacheza wa kwanza. Hodi ya kwanza akanyamaza. Ya pili akanyamaza. Ya tatu, ile kali, akakaza taya, kidole kwenye mshale wa chini, mpaka miguu ikaenda. Akashusha pumzi. Akafuata mume wa jirani, naye hivyo hivyo, akitazama kioo kama kinaweza kumrukia. Kijana wa kwanza akanyamaza. Wa pili akanyamaza, ingawa mwenzake alimtania afungue kama ni mwanaume. Mama wa jirani alicheza amefumba jicho moja. Kila mara kidole kiliposogea, mimi nilikufa kidogo, na kila mara kilienda chini.

Mwenyekiti akavua kofia, akajipangusa uso, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema kweli huu ni mchezo, unatisha lakini ni mchezo. Akaniambia wa maji niufute, watu wasije wakaona vingine, na mimi nikakubali. Wengine wakainuka. Nilikuwa nimeanza kupumua.

"Mathe naye ajaribu," kijana mmoja akasema.

Mama akakataa, wakamsihi, akajifuta mikono kwa leso na kuketi. Hodi ya kwanza ilipolia akasema "Nani?" akiiambia kompyuta, wakacheka wote. Hodi ya pili, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye mshale wa juu. Hakusita hata. Kabla hajabonyeza nikamshika bega na kulifinya kwa kucha, kwa nguvu zangu zote. Akageuka kunitazama. Hodi ya tatu ikalia, ikaisha, miguu ikaenda.

Wakatuaga vizuri. Mume wa jirani alinipa mkono. Hakuna aliyetuhamisha, si siku ile wala baadaye, na sebule ni ile ile mpaka leo. Watu huniambia Mungu ni mwema, watu wale walikuamini. Mimi najua kilichotuweka pale. Ni kwamba kati ya watu watano hakuna hata mmoja aliyeweza kufungua mlango, hata wa kuchora, na wa sita nilimzuia mwenyewe.

Mama alitia komeo, akaifunika kompyuta, akauliza kwa nini nilimfinya. Nikamwambia nje hakukuwa na mtu, sikuwahi kumchora, na kama angefungua tungekuwa barabarani saa hii.

Akasugua bega lake.

"Sawa," akasema. "Lakini mtu alikuwa anabisha."