Kurasa za Mwisho Kabla ya Magharibi

Kumgeuzia kurasa mpiga piano ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekuona. Ndiyo maana niliikubali. Mimi nikimtumia mtu ujumbe kwa simu, huusoma tena na tena baada ya kuutuma, nikitafuta neno ambalo huenda limemuudhi. Kazi ya kutoonekana ilinifaa.

Mpigaji alikuwa mwalimu wangu wa chuo, mama wa Nairobi mwenye vidole vifupi na sauti ya chini, aliyekubali kuja Malindi kutupigia piano jioni moja kwa sababu nilimwomba. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja wa mji wa kale, ukoo wake wa visiwa vya kaskazini. Piano ilikuwa katika ukumbi wake wa chini. Mtaliano aliyepanga ghorofa ya juu aliiacha alipohama, na bibi hakujua aifanyie nini mpaka nilipokwenda kumwomba nifundishe watoto pale. Tangu nimalize chuo, kazi niliyopata ni hiyo. Piano nyingine ya kufundishia sikuijua, wala leo siijui.

Alinikubalia kwa sharti moja, na alilisema mara moja tu.

"Mwanangu, adhana ikitoka, hicho kinanda kinyamaze. Siku kitakapopigwa juu ya adhana, ndiyo siku ya mwisho."

Msikiti uko nyuma ya ukuta wa ukumbi ule.

Mwalimu alichagua sonata, utungo mrefu wa piano wenye sehemu kadhaa, wa mtunzi wa Ulaya wa zamani, aliyekufa bado kijana. Nilipopata kujua umri aliofia nililinganisha na wangu, na siku hiyo sikufanya jambo jingine la maana. Kisha nikaanza kupima muda. Watunzi wa aina hiyo huweka alama katika noti zao, mstari na nukta mbili, kumwambia mpigaji arudi nyuma, aipige sehemu ile mara ya pili. Wapigaji wengi huiruka.

"Tukianza watu wakishaswali alasiri, tutamaliza jua bado lipo," nilimwambia Mwalimu.

"Pamoja na marudio yote?"

"Pamoja na marudio yote."

"Vizuri. Mimi marudio siruki. Aliyeandika alijua anachotaka."

Kitu ambacho sikukitia katika hesabu ni watu wangu wenyewe. Nimezaliwa Barani, mtaa wa hapa hapa Malindi, nikakulia humo humo, na bado nilipanga kana kwamba wageni wataingia, wataketi, watanyamaza. Kila aliyeingia alianza na salamu, mkono kwa mkono, kutoka kiti cha kwanza hadi cha mwisho. Wakubwa wakapewa shikamoo zao, wagonjwa wa nyumbani wakaulizwa hali. Akiingia mzee mwingine, waliokwisha kuketi husimama tena. Mimi nilikuwa kando ya piano nikilitazama jua lilivyopiga ukutani. Kisha bibi akaleta kahawa na halwa.

"Bibi," nikamnong'oneza, "labda kahawa ingekuja baadaye."

"Mgeni akae kinywa kikavu nyumbani kwangu?" Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Huko Barani ndivyo mnavyofanya?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamwelekezea kidole Mwalimu, aliyekaa kwenye kigoda cha piano mikono ndani ya shali. "Na huyu mgeni wetu mbona hasemi? Ana homa?"

"Ana kazi," bibi akamjibu. "Wewe kunywa kahawa."

Tulipoanza, mwanga ulikuwa umeshapanda nusu ya ukuta. Upepo uliingia kwa madirisha yote, kwa hiyo kurasa nilikuwa nimezibana kwa vibanio vya nguo, na kila nilipogeuza ilinibidi nitoe kibanio na kukirudisha bila kukigonga. Sehemu ya kwanza ina marudio marefu. Mwalimu akarudia, nami nikarudisha kurasa, na moyoni nilikuwa nampigia magoti anayeshusha jua. Sehemu ya polepole ilipokwisha, mama mmoja akasema "Mashallah" na wengine wakapiga makofi. Mke na mume wa Kitaliano waliokaa nyuma wakatazamana, maana kwao makofi hungoja mwisho kabisa. Mimi nilihesabu tu kwamba makofi nayo yanakula muda.

Sehemu ya mwisho ni ya mbio. Tulipoikaribia alama yake ya kurudia, ukutani hapakuwa na jua tena. Kutoka nyuma ya ukuta nikasikia kipaza sauti kikiwashwa, kile kishindo kidogo, halafu mwadhini akakohoa.

Nikirudisha kurasa nyuma, adhana itatukuta katikati na watoto watakosa piano. Nikigeuza mbele, nitakuwa nimemwamulia mwalimu wangu mbele ya watu, na pengine yeye atarudia kwa kichwa huku macho yake yanaona ukurasa mwingine, na kila kitu kitavunjika. Nikainama.

"Mwalimu, adhana."

Akatikisa kichwa. Lakini alikuwa akitikisa kichwa tangu alasiri, kwa ajili ya muziki. Nikatoa kibanio, nikageuza mbele.

Mikono yake ilisita, kama mguu uliotafuta ngazi isiyokuwapo. Kisha akaendelea kutoka pale pale nilipomfungulia. Mstari, mstari mwingine, ukurasa wa mwisho ukionekana, na adhana ikatoka. Aliinua mikono papo hapo, kabla sijamgusa. Sauti ya nyuzi ikafifia ndani ya mbao.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walimwitikia mwadhini kwa midomo tu. Mimi nilikuwa natafuta masikioni mwangu: neno la kwanza la adhana na pigo la mwisho la piano, lipi lilitangulia? Nilimtazama bibi. Alikuwa ameinamisha uso.

Wanaume wakaenda msikitini, wanawake tukapanda juu na bibi. Niliswali nikasahau niko rakaa ya ngapi. Niliposhuka, Mwalimu alikuwa anapanga kurasa.

"Uligeuza mbele," akasema.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nilikutikisia kichwa kukubali. Ulichelewa tu kuniamini." Akazirudisha kurasa hadi mwanzo wa sehemu ya mwisho. "Sasa hakuna haraka. Tutaipiga yote, na tutarudia."

Wageni walikuwa wanarejea, na salamu zikaanza upya, fupi kidogo safari hii. Ilipigwa yote. Kurasa niligeuza vizuri, lakini siwezi kusema niliusikia muziki. Nilikuwa nausoma uso wa bibi.

Watu walipoanza kuagana nikamfuata mlangoni.

"Bibi, ule mwanzo wa adhana. Sijui kama kinanda..."

"Kiliingilia kidogo," akasema. "Nilisikia."

Nilianza kutunga maneno ya kuwaambia wazazi wa wanafunzi.

"Yule mama aliinua mikono, hakuinua?"

"Aliinua."

"Kabla ya kuambiwa?"

"Kabla ya kuambiwa."

"Sasa wewe wataka nini, mwanangu? Nimfukuze mtu aliyenyamaza?"

"Kwa hiyo watoto waje Jumamosi?"

"Waje. Kwani nani kasema wasije?" Akakunja uso. "Ila wavue viatu. Juzi wameniachia mchanga mpaka chini ya zulia, na wewe wapita juu yake wauona."

Sikuwa nimeuona. Nilitafuta ufagio jioni ile ile, wageni wengine wakiwa bado barazani, nikaufagia mchanga wote kabla hajabadili mawazo.