Barua haikuwa na majina, ila mwandiko wangu ulikuwa kwenye kila mbao

Wakuu, salaam. Haya yalinikuta mimi mwenyewe pale Mafinga, na sitaficha hata sehemu niliyofanya ujinga.

Nilikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Mbao ikitoka kwenye msumeno naipima, naandika saizi na jina la mteja kwa maka peni. Kutwa nzima.

Shida ilikuwa maranda. Bosi alikuwa anayachomea nyuma ya uzio, na nyuma ya uzio ndiko tulikopanga wafanyakazi. Mwanangu alikuwa anakohoa mpaka anatapika. Kazini nako vumbi tupu, barakoa hakuna.

Tukakubaliana kuandika barua. Tunataka barakoa, na maranda yapelekwe mbali na nyumba.

Baba Anita, fundi wa msumeno, alisema kila mtu asaini. Nikampinga. Nikajifanya mjanja: tusipoweka majina, atamfukuza nani?

Nikaiandika mimi, nikaipenyeza chini ya mlango wa ofisi.

Kesho yake asubuhi tukaitwa wote uwanjani. Bosi kashika barua, miguuni kwake kuna mbao moja. Akaiweka barua juu ya mbao, akatuambia tusogee tuangalie.

Wakuu, herufi zilikuwa zile zile. Nimeandika mbao miaka mitatu, halafu nikasahau kwamba mwandiko wangu kiwanda kizima wanaujua!

"Neema, hii ni yako," akasema. "Nani mwingine anayataka haya?"

Wote wanaangalia chini.

"Basi ni fitina ya mtu mmoja. Chukua vitu vyako, dada."

Niliumia, lakini sikuwalaumu. Mimi ndiye niliyewaambia wajifiche.

Nimefika getini nikamsikia Baba Anita nyuma yangu. "Bosi, naomba hiyo barua. Na mimi niweke jina."

Wakafuata akina mama wabeba mbao, kisha wengine wote. Msumeno haukuwashwa siku hiyo, wala iliyofuata.

Siku ya tatu bosi akalegeza. Barakoa atanunua, maranda atayahamisha. Ila Neema harudi.

Wenzangu wakaja nyumbani kuniuliza waendelee kugoma au wakubali. Mwanangu alikuwa anakohoa chumbani, tunamsikia wote. Nikawaambia wakubali. Nililia walipoondoka, sioni aibu kusema.

Sasa napima mbao Iringa mjini. Huku sina wa kumwangalia mtoto nikiwa kazini, hivyo nimemwacha Mafinga na bibi yake, aliyebaki kwenye chumba chetu kule kule nyuma ya uzio. Hakohoi tena. Mimi namwona mara moja kwa mwezi.

Nilichojifunza: barua isiyo na majina nilidhani inatulinda wote, kumbe ilimrahisishia bosi kumtoa mmoja. Tungesaini tangu mwanzo, angetufukuza wote apasue mbao na nani?

Ila kuna swali linanisumbua mpaka leo. Wale wenzangu walikuwa tayari kuendelea. Ningewaambia wagome siku moja zaidi, pengine ningekuwa naishi na mwanangu. Ungekuwa wewe, ungewajibu nini? Semeni ukweli, hata wa kunichoma.