Magazeti Mawili ya Nedo

Kila asubuhi, isipokuwa siku ambazo magazeti hayachapwi, Nedo Barbucci alinunua magazeti mawili yanayofanana. Moja alilisoma palepale kwa Argia, mwenye mkahawa uliouza na magazeti, amesimama kaunta na kikombe cha kahawa, akianzia mbio za baiskeli na kuishia matangazo ya vifo. La pili hakulifungua. Alilikunja mara tatu kwa viganja vyake vipana, akalikandamiza kama anayepiga pasi kola ya shati, akalitia kwenye mkoba wa baiskeli. Jioni lilirudi nyumbani kama lilivyotoka, na mkewe, enzi za uhai wake, alilitumia kuwashia jiko.

"Hilo la pili unamsomea nani?" Argia alikuwa akimuuliza, kwa uchokozi zaidi kuliko kwa kutaka kujua.

"La akiba."

"Akiba ya nini? Habari za leo, kesho zimeshachacha."

"Wewe uza magazeti, Argia. Uchunguzi waachie polisi."

Pale Poggialto, kijiji chao cha vilimani karibu na Siena, mwendesha baiskeli yeyote anajua gazeti lina kazi gani. Ukifika kileleni umelowa jasho, na mbele yako kuna kilomita nne za mteremko, unalitia gazeti chini ya fulana, kifuani, ili upepo usikuingie mbavuni. Siku hizi kuna vikoti vyepesi vya kazi hiyo, na vijana wanavivaa. Nedo, aliyepeleka barua kwa baiskeli katika vilima vile kwa miaka thelathini na mmoja, alisema vikoti hivyo vinapiga kelele kama mfuko wa karanga. Aliendelea na gazeti lake.

La pili lilikuwa la Morena, binti wa dada yake, ambaye hakuwa amekaa juu ya baiskeli kwa miaka ishirini na mitano.

Morena alikuwa na miaka kumi na tisa alipoanguka. Yalikuwa mashindano ya wasichana ya sikukuu ya mavuno ya zabibu, na alikuwa wa pili akipanda kilima cha Misalaba, akimwona wa kwanza mita chache mbele yake. Kileleni, kama ilivyo desturi, jamaa walisimama kando ya barabara kuwapa wapandaji magazeti. Nedo alikuwepo, lakini alikuwa akibishana na mtu kuhusu farasi aliyeshinda mbio za Siena mwezi uliopita. Alilikunja gazeti bila kulitazama. Alilikunja mara mbili badala ya tatu, na alipomnyooshea mpwa wake alikuwa ameligeuza. Upande uliofungwa hukaa juu, chini ya kidevu, upepo usipate mlango. Lile lilikuwa na mlango wazi.

Kwenye kona ya tatu upepo uliingia. Ukurasa mzima ulipanda ukamfunika Morena uso, naye akaingia katika shamba la mizabibu akiwa haoni kitu. Alivunjika mfupa wa bega na nyonga. Mifupa iliunga. Kilichobaki kimevunjika hakikuonekana kwenye picha za daktari.

Nedo hakuwahi kusema neno juu ya gazeti lile. Morena naye hakusema. Alikwenda Siena kusoma, akafundisha historia miaka kadhaa, akaolewa, akaachana na mume bila ugomvi mkubwa, kisha akarudi Poggialto akiwa na wazo la kuwatembeza wageni kwa baiskeli. Wakati huo mjomba wake alikuwa ameshastaafu posta. Wakagawana kazi bila hata kikao: Nedo aliongoza wageni kwenye barabara nyeupe za vumbi, kutoka Volterra yenye malango ya mawe hadi minara ya San Gimignano hadi uwanja mkuu wa Siena, na Morena alifuata nyuma na gari la mizigo. Kwa miaka kumi na moja aliitazama migongo ya watu kupitia kioo cha gari. Alizoea. Mtu huzoea hata dirisha, akidhani ndilo nchi yenyewe.

Ndipo Aprili moja daktari akampima Nedo moyo, akamwambia baiskeli basi. Alikuwa na miaka sabini na minane.

"Nimemuuliza, hata kuteremka tu?" Nedo alimsimulia mpwa wake wakiwa jikoni, kati yao bakuli la maharage na mkate usio na chumvi. "Akasema, na juu utafikaje? Kijana mdogo vile, ana akili mbaya."

"Mjomba, Wadenmaki wanakuja baada ya wiki tatu."

"Najua."

"Nimepiga simu kwa kila kiongozi Siena. Wote wameshakodiwa mpaka Juni."

"Najua."

"Basi niwaandikie wasije."

Nedo alimega mkate, akauchovya kwenye mafuta ya zeituni. Hakutazama juu. "Barabara hizi, ukiniondoa mimi, kuna mtu mmoja tu anayezijua hadi mashimo yake. Ukiwaandikia, andika na hilo."

Wadenmaki walikuwa walimu wanane wastaafu waliokuja kila Mei, na ndio walioleta wengine. Wakikosa mwaka huu watazoea kwingine. Morena alilijua hilo. Aliamka siku ya tatu kabla jua halijatoka, akaitoa baiskeli yake ya zamani iliyokuwa ikining'inia ghalani kwa mjomba. Alitarajia kutu. Alikuta cheni imepakwa mafuta, tairi mpya, nyaya za breki zimebadilishwa. Alikaa juu ya ndoo kwa muda, mkono kwenye usukani, akifikiria ni mara ngapi mtu ameingia pale mwaka hadi mwaka kuitunza baiskeli isiyo na mwendeshaji.

Alianza kupanda. Miguu ilikumbuka upesi kuliko alivyodhani. Wiki ya pili alikuwa akiufikia msalaba wa kilele cha Misalaba bila kushuka njiani, na pale juu Nedo alikuwa akimngoja na gari. Baiskeli iliwekwa nyuma, Morena akakaa mbele, wakateremka kwa magurudumu manne.

Habari hazikukawia kufika kaunta.

"Morena wetu ni kama paka," Argia alisema, akifuta vikombe. "Mti anapanda mwenyewe, kushuka anangoja zima moto."

Watu walicheka. Morena naye alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli, lakini kahawa ilimshinda kumaliza.

"Na siku ya wageni?" Argia akaendelea, sasa kwa upole. "Utawaambia nini kileleni? Tangulieni, mimi nina miadi na mjomba?"

"Sijui, Argia."

"Wakiteremka peke yao, kwenye kona ile ya changarawe mmoja atakwenda na maji."

"Nimesema sijui."

Nedo alikuwa kwenye kona yake na gazeti la kwanza. Aligeuza ukurasa. Kule kugeuza kulimkera Morena kuliko maneno ya Argia.

Walimu walifika Jumatano, wamechomwa na jua la siku moja na wana furaha kama watoto wa shule. Alhamisi asubuhi Morena aliwapandisha Misalaba, yeye mbele, wao nyuma wakihema na kutaniana kwa lugha yao. Mizeituni ilikuwa imepauka kwa vumbi la barabara. Kileleni walilaza baiskeli kwenye nyasi na kunywa maji, na mwalimu mmoja mrefu, mwenye soksi nyekundu, akamuuliza: "Unatangulia wewe, sivyo? Sisi tunafuata mstari wako."

Morena aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kwenye gari.

Nedo alikuwa ameshuka, ameegemea boneti. Mlango wa nyuma alikuwa ameuacha wazi kwa ajili ya baiskeli, endapo Morena angetaka. Magazeti mawili yalikuwa juu ya boneti. Alichukua moja, akalifungua lote, akaanza kulikunja upya, mbele yake, polepole. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Akasita.

"Siku ile niliishia hapa," alisema. "Na niligeuza."

Miaka ishirini na mitano, na maneno yenyewe yalikuwa hayo tu.

"Najua, mjomba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipolitia kifuani. Nililisikia limekaa vibaya."

Nedo alimtazama, mdomo wazi kidogo. "Sasa kwa nini hukulitoa? Mtoto gani wewe! Kwa nini hukulitoa?"

"Ulinipa wewe."

Mzee aligeuka upande wa bonde, akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. Huko kwenye nyasi walimu walikuwa wakivaa kofia. Alipogeuka tena alikunja mara ya tatu, akalikandamiza, akampa.

"Leo ukisikia limekaa vibaya, litoe. Hata kama nimekupa mimi. Na mlango wa gari uko wazi, sitakuuliza."

Morena alilipokea. Hakulitia kifuani mara moja. Alilikagua, kila upande, kama mwalimu anavyokagua daftari la mwanafunzi anayempenda, na Nedo akasimama akingoja alama zake. Upande uliofungwa ulikuwa juu. Akavuta zipu ya fulana, akalisukuma ndani. Lilikuwa na joto la jua lililokuwa likilipiga juu ya boneti.

"Limekaa vizuri," alisema, akaufunga mlango wa nyuma wa gari kwa mkono wake mwenyewe.

Kona ya kwanza aliichukua kwa mwendo wa mtu anayeshuka ngazi gizani. Vidole vilikuwa vimekazana kwenye breki hadi vikafa ganzi. Kona ya pili alikumbuka kwamba barabara nyeupe ina mstari mgumu, upana wa kiganja, ambao magurudumu ya matrekta yameulainisha, na kwamba macho yakiushika mstari huo mwili hufuata. Nyuma yake alisikia jozi nane za matairi zikiushika mstari wake. Kona ya tatu ilikuwa palepale, na mizabibu ileile, au watoto wa mizabibu ile. Upepo ulipiga kifuani, ukatafuta mlango, ukakosa. Morena aliachia breki ya mbele.

Bondeni, kwenye kisima cha kijiji, Wadenmaki walimpigia makofi bila kujua sawasawa wanapigia nini. Gari lilikuja nyuma polepole. Nedo hakushuka. Alitoa mkono dirishani, kiganja juu, naye Morena akalitoa gazeti, limelowa jasho, mikunjo yake mitatu bado imefungana. Nedo akalipokea, akaliweka juu ya dashibodi likauke.

Baada ya hapo Morena aliongoza misimu miwili, na Nedo aliendesha gari la mizigo, akilalamika kwamba kiti kinamuumiza kuliko siti yoyote ya baiskeli. Argia alitafuta utani mwingine. Novemba ya mwaka wa pili mzee hakutoka tena nyumbani, na Argia akawa anampelekea magazeti mwenyewe, mawili, bila kuuliza.

Asubuhi moja ya siku hizo Morena alipita jikoni kwa mjomba akiwa amevaa fulana ya baiskeli. Hapakuwa na wageni wala kazi. Alitaka tu kupanda Misalaba kabla mvua haijaja. Nedo alikuwa kitandani kando ya jiko, miwani puani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akilisoma gazeti la pili. La kwanza lilikuwa sakafuni, limeshamalizwa. Alipomwona amesimama mlangoni alivua miwani, akaanza kukunja. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Morena alitamani kumsaidia, akajizuia. Mara ya tatu alilikandamiza kifuani mwake mwenyewe, akakagua upande uliofungwa, akamnyooshea.

Saa sita mchana Morena aliporudi, Argia alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango akimsubiri amwambie mzee hayupo tena, na gazeti lilikuwa bado na joto la mwili chini ya fulana. Morena analo mpaka leo, katika mikunjo yake mitatu, na anapanda nalo. Kwa maana mjomba alipompa alikuwa amemwambia:

"Ulirudishe. Sijalimaliza."