Sufuria ya Wasioweza Kutafuna

Taya la Cheruto lilivunjika Mai Mahiu, nyuma ya kibanda chake cha chai, siku ambayo dereva mmoja wa lori alimwambia mumewe kwamba chai ya hapo ni tamu. Kosgei alingoja dereva aondoke, akamshika mkewe nywele, akambamiza uso kwenye mtungi wa gesi, kisha akarudia. Katika ndoa yao alikuwa amempiga kwa mshipi, kwa ngumi, na mara moja kwa jeki ya gari. Majirani walizoea. Wakisikia mayowe, waliongeza sauti ya redio.

Safari hii Cheruto hakurudi ndani. Alivuka barabara akitema damu, akapanda lori la kwanza lililokubali kusimama. Dereva alikuwa akipeleka simiti Nakuru. Alimpa kitambaa cha kujifutia.

Hospitalini walimfunga meno kwa waya, ya juu na ya chini pamoja, wakamruhusu aende. Aende wapi? Mama mmoja mfagiaji alimwelekeza mtaa wa Bondeni, kwenye ukumbi wa kanisa ambako watu wasio na kitu walipewa chakula cha mchana. Alifika, akapanga foleni, akapewa sahani ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa. Akaketi akiitazama tu. Mahindi yale yangepitia wapi?

Aliyekuwa akisimamia jikoni alikuwa Wachuka, mwanamke mnene muuza mitumba, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Alimwona.

"We mama, mbona hukuli? Chakula yetu ni mbaya?"

Cheruto alifunua midomo, akamwonyesha waya.

Wachuka aliichukua ile sahani. Akaiponda githeri yote, akaichuja, akaitia supu mpaka ikawa nyepesi kama uji. Akamletea na mrija. Cheruto alikunywa huku machozi yakimdondokea kikombeni, na Wachuka akasimama mbele yake, akiwazuia watu wasimwangalie.

Kesho yake Cheruto aliwahi kabla moto haujawashwa, akaanza kusugua masufuria. Hakuna aliyemwomba. Waya ulipotolewa alikuwa tayari mtu wa jikoni, naye akaanzisha sufuria yake mwenyewe, ndogo, kando ya ile kubwa: mukimo laini wa viazi, ndizi za kupondwa, maharagwe yaliyochujwa. Ilikuwa ya wasioweza kutafuna. Wazee walimjia, walevi waliong'olewa meno kwenye ugomvi, msichana aliyeungua mdomo. Aliyempenda zaidi ni Micah, mzee aliyewahi kubeba mizigo stesheni, asiye na jino hata moja.

"Binti yangu," Micah alizoea kusema akipangusa sahani kwa kidole, "leo umeniua na utamu."

Cheruto alikuwa hana ndugu mjini. Lakini sasa alipopita Bondeni aliitwa kwa jina, na akikosa kuonekana, kuna mtu alibisha mlango wa chumba alichopanga.

Kosgei alimpata siku ya Alhamisi.

Alipanga foleni kama wengine. Cheruto, akipakua, alizoea kutazama sahani kuliko nyuso, na ndiyo maana alichoona kwanza ni mikono. Vifundo vile vya vidole alivijua. Mwiko ulimponyoka.

"Niwekee na mimi," Kosgei alisema taratibu. "Ama unapikia wanaume wa Nakuru pekee?"

Kabla hajapiga kelele, mumewe alikuwa ameruka meza. Alimshika kitambaa cha kichwa, akamgonga uso kwenye ubao wa meza, pua ikapasuka. Kisu kilitoka mfukoni. Pigo la kwanza lilimwingia begani, la pili pajani, na Cheruto akaanguka kati ya mafiga. Micah ndiye aliyefika mbele, na fimbo yake. Alimchapa Kosgei mgongoni, pigo la mzee lisilo na nguvu. Kosgei akageuka, akampiga teke la kifua. Watu walisikia mbavu zikivunjika.

Hapo Wachuka akainua sufuria ya maji ya ugali, yanayochemka, akammwagia.

Kosgei alilia kama mnyama. Ngozi ya shingo ilimbabuka papo hapo. Kisu kikadondoka, na wanawake wakamwangukia kwa miiko, kwa kuni, kwa mawe ya mafiga. Walimpiga mpaka akaacha kujikinga. Watu wa barabarani waliingia mbio wakipiga kelele "Mwizi! Mwizi!" bila kujua ni nini kimetokea, wakamburuta nje hadi uani. Mmoja akaleta tairi. Mwenye bodaboda akachomoa mpira wa tangi, akakinga petroli kwenye chupa.

Cheruto alitambaa hadi mlangoni akiacha damu nyuma yake. Alimwona Wachuka amesimama juu ya Kosgei na kuni mkononi, midomo imevutwa nyuma, macho hayamwoni mtu. Uso ule aliujua, ulikuwa wa Kosgei akimpiga. Alikuwa amelala kitanda kimoja nao miaka tisa.

Alimshika miguu. "Mama Wachuka, wacha."

"Niachilie! Leo namaliza huyu mbwa!"

"Si na hiyo mkono. Hiyo mkono ilinilisha."

Wachuka hakusikia, ama hakutaka. Petroli ilikuwa tayari imemwagwa. Basi Cheruto akajivuta, akajilaza juu ya mumewe, juu ya ngozi iliyoiva, akasikia petroli ikimchoma jeraha la bega. Si kwa upendo. Alitamani Kosgei afe. Ila hakutaka watu wake wawe wauaji.

"Toka hapo, mathe!" kijana mwenye kiberiti alifoka. "Tutakuchoma na yeye!"

"Choma basi."

Kijana akawasha njiti. Na hapo wale wa sufuria ndogo, wasio na meno, wakaja mmoja mmoja, wakaketi chini kumzunguka, kwenye petroli ile ile. Njiti iliungua mpaka kwenye kidole. Kijana akaipuliza, akatukana, akaondoka. Polisi walipofika walikuta uwanja una wazee walioketi wakinuka petroli, wakamtoa Kosgei katikati yao na kumkamata.

Cheruto alilazwa muda mrefu. Wanawake wa jikoni waligawana zamu za kumletea chakula, wote isipokuwa Wachuka. Micah alikuwa wodi ya jirani. Mbavu zilimtoboa pafu, na hakutoka humo akiwa hai. Mashtaka ya Kosgei yakabadilika, yakawa ya mauaji.

Jioni ile Micah alipokufa ndipo Wachuka alipokuja. Aliketi kando ya kitanda bila salamu.

"Ulimlalia," alisema. "Ulimlalia mtu aliyeua Micah."

"Najua."

"Unajuta?"

Cheruto alifikiri kweli kweli kabla ya kujibu. "Sijui, mama. Usiku mwingine najuta."

Wachuka alilia kwa hasira, akipiga goti lake kwa ngumi. Akasema kwamba tangu siku ile hawezi kuinua sufuria ya maji moto. Cheruto akamsogezea nafasi kitandani, wakalala hapo wawili, bega lake lisilo na jeraha kwa bega la Wachuka, mpaka nesi akaja kumfukuza mgeni.

Walimzika Micah kule Dundori, kwa bintiye. Cheruto alipika, akichechemea, na Wachuka akamwinulia vitu vyepesi. Kortini Cheruto alitoa ushahidi huku Kosgei akimtazama moja kwa moja, na sauti haikukatika. Kosgei alifungwa maisha.

Jumatatu iliyofuata maji ya ugali yalihitaji kuinuliwa motoni. Cheruto akashika mkono mmoja wa sufuria, Wachuka akashika wa pili. Nje, foleni ilikuwa imefika barabarani.