Damu Isiyotaka Barafu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mtunza chanjo mjini Jinja. Nilikwenda Mbale kuchukua damu ya dada yangu Nambozo, aliyevimba viungo na kutoka madoa usoni. Wakwe zake walisema amerogwa, arudishwe kwetu. Mumewe, askari magereza, alitaka kwanza karatasi ya daktari.

Daktari wa hospitali yetu Jinja alinieleza anachoshuku. Chembe za mwili hutumia nakala za maagizo ziitwazo RNA, na kuna vimeng'enya vinavyobadilisha herufi chache katika nakala hizo. Kazi hiyo ikiharibika, huenda chembe nyeupe za kinga zikamwona mwenye mwili kuwa adui. Alitaka azipate chembe hizo nyeupe zikiwa hai, na damu hiyohiyo ipimwe ugonjwa wenyewe.

Asubuhi basi lilipita mashamba ya miwa, kisha mpunga wa Tirinyi. Utotoni, kwenye njia hiyo, mimi na dada tulishindana kuuona mlima Wanale kwanza, naye alishinda kila mara.

Saa sita nilifika kwao Nabuyonga. Nilimtoa dada damu, nikaitumbukiza kwenye barafu kama chanjo, nikaketi kunywa chai. Ndipo nilipokumbuka daktari alikataza barafu, kwani ingeziua chembe, nikawaambia. Niliona aibu hata chai ikanishinda.

"Shemeji, wewe iko mutu ya barafu tu," mumewe alisema.

Dada alikunja mkono mwingine wa gauni. "Toa tena. Huu bado ninao."

Alizifunga chupa mpya kwa jani la mgomba lililobabuliwa, kama tulivyomfungia mama chakula akiwa shambani.

Jioni, Jinja, daktari alinichungulisha zile chembe kwenye darubini. "Ziko hai," alisema. "Zina bidii, ila zimekosea adui."

Baada ya wiki mbili niliipeleka Mbale karatasi ya daktari: ni kinga ya mwili inayomshambulia mwenyewe, si uchawi. Shemeji alimsomea mama yake, kisha akaikunja.

"Askari yake ya ndani napiga kambi yao wenyewe. Mimi naona hiyo zamani, kwa macho. Kambi haina makosa. Bibi yangu nabaki hapa."

Habari ya vimeng'enya haikupata jibu wakati ule. Dada aliishi miaka sita zaidi, nyumbani kwake. Mimi nilijifunza kwamba hata anayekulinda anaweza kukuumiza kwa mazoea tu, na bado nasikitikia ule mkono wa pili.

Siku hizi nikipita Tirinyi nautafuta Wanale. Nauona mapema, na sina wa kumwambia nimeshinda.